Laki nane na nusu, na bado faili si yangu

Haya, nimerudi. Nimekuwa kimya wiki mbili hivi kwa sababu ya kazi (mteja aliamua kubadilisha kila kitu siku tatu kabla ya kukabidhiwa mfumo, mnajua mambo haya), lakini wikendi iliyopita nilipata faraja. Rafiki yangu mmoja anayepiga picha za harusi hapa Nairobi aliniachia kamera yake mpya kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Ni Canon EOS R5 Mark II, pamoja na lenzi ya RF 50mm f/1.2L. Alinipa kwa sharti moja tu: nisiitoe kwenye begi nikiwa ndani ya matatu.

Nilikusudia kuwaandikia sifa tupu. Nilitaka kuwaeleza jinsi inavyoshikika mkononi, picha zake zilivyo, na kama inafaa bei yake. Hayo nitayasema, kwa sababu ni haki yake. Lakini nilipoketi Jumapili usiku mbele ya tarakilishi yangu na kuanza kuzifungua faili, hasira za zamani zikanirudia. Kwa hiyo leo mtanivumilia.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo kila mtu huanzia. Kamera hii ilipotangazwa Julai 2024, iliwekewa bei ya dola 4,299 kule Marekani, bila lenzi. Lenzi yenyewe ilitangazwa mwaka 2018 kwa dola 2,299. Jumla ni dola 6,598. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 850,000, kabla hujagusa ushuru wala usafiri. Ni Probox iliyotumika, na Probox itakubebea viazi.

Na kusema kweli, ukiishika unaelewa pesa zilienda wapi. Kamera ina uzito wa gramu 746 ikiwa na betri na kadi, lenzi nayo gramu 950, yaani lenzi ni nzito kuliko kamera. Shingo italalamika kufikia saa sita mchana. Sensa ina megapikseli 45, na ukitaka inapiga picha 30 kwa sekunde moja bila sauti yoyote. Kisha kuna ule mchezo wa macho: unatazama kupitia tundu la kutazamia, kamera inasoma jicho lako linaelekea wapi, na fokasi inaenda hapo hapo. Si wazo jipya. Canon walikuwa nalo kwenye kamera ya filamu ya EOS 5 mwaka 1992. Lakini nilipolijaribu kwa watoto wa jirani waliokuwa wakicheza kati barazani, nilijikuta nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Namtazama mtoto, fokasi iko kwake. Namtazama mwenzake, fokasi imehama.

Jumamosi jioni stima zikapotea. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nakuru, na giza lilipoingia aliwasha mshumaa, akaendelea kuchambua maharagwe mezani kana kwamba hakuna lililotokea. Nikaichukua kamera. Lenzi ya f/1.2 hufungua tundu kubwa sana, hivyo hukusanya mwanga mwingi hata pale ambapo jicho lako linapata taabu. Fokasi ilishika kope za mama, si pua, si miwani, kope. Nyuma yake ukuta wa jikoni uliyeyuka ukawa rangi ya chungwa iliyokolea. Vidole vyake vilikuwa na punje tatu za maharagwe na unaweza kuzihesabu. Nimepiga picha miaka kumi na tano na sijawahi kumpiga mama picha nzuri kama ile.

Basi nikataka kuiweka. Sikutaka kuituma kwa WhatsApp ikabanwa mpaka ikawa uji. Nilitaka kuiweka ili mtoto wangu aione akiwa na umri wangu. Hapo ndipo tunapofika kwenye kisa.

Kwa msiofahamu: kamera kama hii inaweza kukuhifadhia picha kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni JPEG, ambayo ni chapati iliyokwisha iva. Kamera imeamua rangi, imeamua mwanga na kivuli, imetupa kilichobaki, na mtu yeyote mwenye kifaa chochote anaweza kuifungua. Namna ya pili ni faili ghafi. Huo ni unga wenyewe, yaani kila kitu ambacho sensa ilikiona kabla kamera haijapika. Picha iliyopigwa kwenye giza la mshumaa, au uso mweusi kando ya ukuta mweupe, huokolewa kwenye faili ghafi. Wapigapicha wote wa kulipwa ninaowafahamu hupiga ghafi. Kwa ufupi, ukinunua kamera ya bei hii, faili ghafi ndiyo bidhaa uliyolipia.

Sasa, faili ghafi za Canon huitwa CR3. Muundo huu waliuleta mwaka 2018 pamoja na EOS M50. Nilifungua picha ya mama nikaitazama baiti kwa baiti, na mwanzoni kabisa unasoma herufi hizi: ftypcrx. Yaani ni binamu wa MP4, ile ile familia ya masanduku ya faili za video mnazozijua. Sanduku la nje linaeleweka, maana ni kiwango cha kimataifa. Lakini kilichomo ndani, jinsi data ya sensa ilivyobanwa, hakuna waraka wa wazi kutoka kwa mtengenezaji unaokueleza. Ndugu msomaji, tafakari hilo. Umelipa laki nane na nusu, umempiga mama yako picha, na maelezo ya jinsi ya kuisoma picha hiyo ni siri ya mtu mwingine.

Mtaniuliza, je, faili haikufunguka? Ilifunguka! Natumia Ubuntu na darktable, na picha ikaja vizuri. Lakini tujue ilifunguka kwa hisani ya nani. Programu ambayo Canon huitoa bure kwa kazi hii ni ya Windows na Mac tu. Sisi wa Linux tulihudumiwa na watu waliokaa usiku wakizichokonoa faili za CR3 mpaka zikaeleweka, mmoja akichapisha alichogundua kuhusu masanduku, mwingine akitafuta namna ya kufungua mbano wenyewe. Maktaba ya LibRaw iliweza kuzisoma mwaka 2020. Darktable ikaweza Desemba 2021. Kutoka 2018 hadi 2021 ni karibu miaka minne! Exiv2 nayo, ile programu inayosoma taarifa za picha, ilipoongeza uwezo wa kufungua sanduku hilo mwaka 2021, iliuacha ukiwa umezimwa mpaka anayejenga programu auwashe mwenyewe, kwa kuogopa kesi za hataza. Watu wanajitolea bure kukusaidia kusoma picha zako mwenyewe, na bado inabidi waangalie nyuma kama wezi.

Huenda hamwelewi kwa nini jambo hili linaniuma hivi. Niwaambie.

Krismasi ya mwaka 2005 tulikuwa nyumbani kwa nyanya, nje ya Nakuru. Mjomba wangu alikuwa amepata kamera ya dijitali, moja ya zile nzuri za wakati huo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata maagizo ya kitabu alipiga zote ghafi. Alizichoma kwenye CD, akaandika tarehe kwa kalamu nyeusi, akaiweka kabatini. Nyanya akafariki mwaka 2007. Tulikuwa na picha zake za zamani, zile za studio alizosimama wima kama anasubiri hukumu, lakini hizo za 2005 ndizo za mwisho, na ndizo alizokuwa anacheka.

Mwaka 2016 nikaipata CD. Faili zilikuwepo zote, hazina kasoro hata moja. Lakini hakuna programu kwenye tarakilishi yangu iliyozitambua. Kampuni iliyotengeneza kamera (sitaitaja) ilikuwa imeacha kuitoa programu yake ya zamani. Nakala niliyoipata kwa mtu ilitaka Windows XP na namba ya siri iliyokuwa imechapwa kwenye karatasi ambayo mjomba hakujua ilipotelea wapi. Kwa siku nne nyanya yangu alikuwa ndani ya faili 62 kwenye diski yangu na sikuweza kumwona.

Kilichomtoa humo ni dcraw. Ni programu ya faili moja ya lugha ya C, iliyoandikwa na Dave Coffin, ambaye alianza kazi hiyo mwaka 1997 na akaendelea kuongeza kamera moja baada ya nyingine kwa zaidi ya miaka 20. Nilijenga programu, nikaandika amri ya mstari mmoja, na baada ya dakika mbili nyanya alikuwa pale, kitambaa chake cha kijani kichwani, anacheka na kuku wake. Mama alipoiona alinyamaza kwa muda mrefu sana.

Toleo la mwisho la dcraw ni la mwaka 2018. Coffin alipumzika, na ana haki ya kupumzika. Kazi yake imeendelezwa ndani ya LibRaw na kwingineko. Lakini hebu nieleze ni utaratibu gani huu, ambapo kumbukumbu za familia nzima zinategemea kama mtu fulani asiyekujua atakuwa na moyo na nafasi ya kuvunja kufuli mpya kila kampuni inapotoa kamera mpya?

Na msidhani ni Canon peke yao. Mwaka 2005 ilibainika kwamba Nikon, kwenye D2X na wenzake, waliisimba kwa makusudi taarifa ya uwiano wa rangi nyeupe ndani ya faili zao za NEF. Hapakuwa na siri ya taifa humo. Ilikuwa ni namba za kukwambia kama mwanga ulikuwa wa jua au wa taa! Thomas Knoll, mmoja wa ndugu wawili waliobuni Photoshop, alilalamika hadharani, kwa sababu hata Adobe waliogopa kuivunja simba hiyo wasije wakakiuka sheria ya Marekani. Coffin hakungoja ruhusa. Aliivunja, na wapigapicha wakaendelea na maisha.

Utetezi wa kwanza ninaousikia kila mara ni huu: ah, wewe na Linux yako, watu wa kawaida wana Lightroom. Sawa. Tuulize waliokuwa na Lightroom 6, waliyoinunua mara moja wakajua ni yao. Mwaka 2017 Adobe walitangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho ya kununua, kuanzia hapo ni kulipa kila mwezi. Lightroom 6 ikaacha kupokea kamera mpya mwisho wa mwaka huo huo. CR3 ilikuja mwaka 2018. Kwa hiyo mtu aliyenunua kamera mpya aliona programu yake, nzima kabisa, inageuka kipofu. Hiyo ndiyo faida ya siri hizi, na si faida yako. Kila kamera mpya ni mlango mpya, na kila mlango mpya una mwenye funguo anayekungoja na risiti.

Utetezi wa pili ni kwamba muundo wa siri unalinda ubora wa picha. Huu nao sijapata mtu wa kunieleza akamaliza. Kueleza faili inavyosomwa si sawa na kutoa siri za kutengeneza sensa. Mwuza unga akiandika kwenye pakiti kwamba ni mahindi daraja la kwanza, hajakupa kinu chake.

Tena muundo wa wazi upo. Adobe (naam, hao hao niliowasema juu, mkosaji mpe haki yake) walitoa DNG mwaka 2004, na waraka wake unasomwa na yeyote. Pentax K10D ya mwaka 2006 ilimpa mpigapicha uchaguzi kwenye menyu: muundo wetu, au DNG. Leica M8 ya mwaka huo huo ilihifadhi DNG. Android kuanzia toleo la 5.0, mwaka 2014, iliwezesha programu za kamera kuhifadhi DNG. ProRAW ya Apple, iliyokuja na iPhone 12 Pro mwaka 2020, ni DNG. Kwa hiyo simu iliyotumika unayoweza kuinunua Luthuli Avenue inaweza kukupa faili ghafi ya muundo ulioandikwa wazi, na kamera ya dola 4,299 haikupi. Jamani!

Mkija kwenye lenzi, hadithi ni ya ukoo mmoja. Lenzi ya siku hizi si vioo tu. Hii RF 50mm inazungumza na kamera kupitia vipini 12, ina programu yake ndani, na mazungumzo hayo nayo ni ya siri. Mwaka 2022 Viltrox, watengenezaji wa lenzi za bei nafuu kutoka China, waliacha kuuza lenzi zao za RF zenye fokasi otomatiki baada ya Canon kuwakabili kwa madai ya hataza. Mwaka 2024 Sigma na Tamron wakaruhusiwa kwa leseni, na lenzi walizotangaza zilikuwa za kamera zenye sensa ndogo. Mwenye R5 hakupata kitu hapo. Kwa kijana anayeanza kazi ya harusi, akikopa kwenye chama chake, tofauti kati ya lenzi ya dola 2,299 na lenzi ya mtengenezaji mwingine ndiyo tofauti kati ya kuwa na biashara na kuwa na deni. Nakubali hataza ni sheria, na aliyebuni ana haki ya kula jasho lake. Lakini haki hiyo ikitumika kumzuia mteja kuchagua kioo cha kuweka mbele ya kamera yake mwenyewe, basi tusiite ubunifu.

Programu ya ndani ya kamera pia inafungwa ili kupanga watu kwa mifuko yao. Hili wakongwe wanalikumbuka. Mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, ya kwanza ya aina yake chini ya dola 1,000, na haukupita muda wadukuzi wakagundua kwamba ISO 3200 na mambo mengine ya kamera ya bei ya juu yalikuwa yanawezekana kwenye 300D kwa kubadilisha programu tu. Chuma kilikuwa tayari. Mwaka 2009 Magic Lantern ikafanya hivyo hivyo kwa 5D Mark II upande wa video. Siku hizi hawafichi, wanakuuzia: Sony mwaka 2024 walitoza dola 149 kwa leseni ya kuweka mistari yako mwenyewe kwenye kioo cha kamera. Mistari! Mimi huandika programu ili nile, na nawaambia kuchora mistari kwenye skrini ni kazi ya mwanafunzi wa muhula wa pili.

Sisemi msinunue. Kamera ni nzuri mno, lenzi ni nzuri kuliko kamera, na kama kazi yako inakulipa, chukua. Ninachotaka ni kidogo hata naona aibu kukiomba: wachapishe waraka wa CR3, au waweke DNG kwenye menyu kama Pentax walivyoweka miaka mingi iliyopita. Haitawagharimu sensa hata moja. Na wewe ukienda dukani, baada ya kuuliza megapikseli na bei ya mwisho, muulize muuzaji swali hili: je, faili yake ghafi nitaifungua na nini baada ya miaka 20? Atakutazama kama umelewa. Uliza tu. Wakiulizwa na mia, swali litapanda ngazi.

Wakati tunangoja, fanya kama nifanyavyo. Weka faili asili, weka na nakala ya DNG (kigeuzi cha Adobe ni cha bure), na za nyumbani weka JPEG pia. Inakula diski, ndiyo. Faili moja ya kamera hii inaweza kufika kama megabaiti 50.

Jumatatu asubuhi nikamrudishia rafiki yangu begi lake. Akaniuliza, "Vipi mzee, umeionaje?" Nikamwambia kamera ni moto, kisha nikamwonyesha picha ya mama na mshumaa, kisha ya nyanya na kuku, nikamsimulia zile siku nne. Akasema yeye huwapa maharusi JPEG, zile ghafi zinakaa tu kwenye diski, tangu 2011, kamera tano tofauti, na programu aliyozisomea za mwanzo aliacha kuilipia zamani. Hakuwahi kujaribu kuzifungua tena. Akakaa kimya akizungusha kifuniko cha lenzi mkononi, halafu akauliza terabaiti mbili zinachukua muda gani kugeuzwa.

Nikamwambia alete diski. Amesema Jumamosi.